4x4 yangu inaishi kwenye lami, nifunge tairi gani? H/T, A/T au nibaki na hizi za tope

Dereva_wa_Zamu

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kabla sijatoa hela maana nina watu watatu wananishauri na kila mmoja anasema lake.

Gari ni pikapu ya milango minne, 4x4 ile ya kuweka mwenyewe kwa leva, sio inayovuta miguu yote muda wote. Kibandiko cha pale kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema saizi ya tairi ni 265/65R17. Niliinunua ikiwa imeshafungwa tairi za tope, M/T, zile zenye kashata (vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara) kubwa zimeachana achana, na kwa macho ilinipendeza sana.

Sasa matumizi yangu. Kwa mwezi natembea kama kilometa 1,800 hivi na karibu zote ni lami, kazini na kurudi, halafu safari ndefu za wikiendi na familia ndani. Mara mbili kwa mwezi nina kipande cha rafu rodi kilometa 30 kwenda na 30 kurudi, changarawe na mawe, mvua ikinyesha kuna sehemu kama mbili tatu zinakuwa tope.

Kelele nilishazizoea, ukifika 90 ni kama kuna ndege inaruka chini ya gari na watoto nyuma wanaongea kwa kupiga makelele. Kilichonifanya niandike ni wiki iliyopita. Mvua ndo ilikuwa inaanza, manyunyu tu, sikuwa hata na spidi, nikakuta mtu anavuka zebra nikakanyaga breki, ABS, ile ya kuzuia magurudumu yasijifunge, ikaanza kugonga mguuni na gari ikaendelea kuteleza tu kama haina habari. Ilisimama juu ya mistari ya zebra. Yule mama alikuwa ameshapita hatua mbili. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, nasema ukweli.

Muuza tairi ananiambia nichukue A/T, zile za njia zote, tena anasema anayo 265/70R17 na "inaingia bila shida". Rafiki yangu anasema H/T basi, za barabarani. Mwingine anasema nikitoa M/T nimeua gari. Na swali la mwisho, za nyuma bado zina kashata nzuri kuliko za mbele, naweza nikanunua mbili tu kwa sasa?

Fundi_Ubavu

Pole sana mkuu, na nashukuru yule mama alipita salama.

Mi nafunga tairi miaka mingi na swali la kwanza ninalomuuliza mtu sio "unapenda ipi", ni kilometa zako zinakwenda wapi. Wewe umeshajijibu mwenyewe, 1,800 kwa mwezi na rafu rodi ni 120. Yani katika kila kilometa 100 hazifiki 7, na humo ndani tope ni vipande tu. Unaendesha tairi ya tope kilometa 93 katika kila 100 ambazo hazina tope.

Kwanini iliteleza. Mshiko wa lami iliyolowa unatokana na mpira unaogusa lami, na kila tairi kinachogusa chini ni eneo kama la kiganja cha mkono au kidogo zaidi. Sasa kwenye M/T sehemu kubwa ya hicho kiganja ni nafasi tupu kati ya kashata, zimewekwa makusudi ili tope litoke. Kwenye tope ni jambo jema, kwenye lami ni mpira uliopungua. Pili angalia juu ya kashata za tairi ya H/T utaona vichanjo vyembamba kama vimekatwa na wembe, vingi sana, vile vinakata ule utando wa maji na kushika lami. M/T inavyo vichache maana kashata ikichanjwa chanjwa inanyofoka kwenye mawe. Tatu ni kashata zenyewe, ndefu na zimesimama peke yake, ukipiga breki zinajikunja kabla hazijashika. Na manyunyu ya kwanza ndo mabaya zaidi, maji hayajawa mengi ya kusafisha barabara, yanachanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika inakuwa utelezi.

Watu watakwambia M/T ina mifereji mikubwa kwa hiyo inatoa maji vizuri. Kwenye dimbwi zito ni kweli mifereji inasaidia gari isielee, ila kusimama kwenye lami iliyolowa tu ni habari nyingine.

Kabla sijasema ununue nini fanya kitu kimoja leo. Nenda kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT, fuata mstari mpaka mwisho utakuta tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Inaandikwa upande mmoja tu mara nyingi, kama huioni upande wa nje ingia chini uangalie ndani. Rudi hapa utuambie.

Kumbakumba

Naheshimu alichosema fundi ila mi niko upande wa A/T na nina sababu. Nilikuwa na H/T laini kabisa, tamu barabarani, kimya, nikaingia njia ya mawe kama hiyo yako nikiwa na upepo ule ule wa lami na mwendo wa haraka kidogo, jiwe moja lenye makali likapasua ubavu. Sio pancha, ubavu umefunguka kama mdomo, na ubavu hauzibwi. Nikafunga spea nikatembea roho mkononi mpaka lami maana likipasuka lingine ningelala porini.

Kwa hiyo usiangalie kashata tu, angalia na ubavu. Kuna tairi imeandikwa 265/65R17 halafu 112S, na kuna nyingine imeandikwa LT265/65R17 halafu 120/117S. Saizi ile ile, ila hiyo yenye LT mbele imejengwa nzito zaidi kwa gari za mizigo. Namba 112 maana yake tairi moja inabeba kilo 1,120, namba 120 ni kilo 1,400, na ile 117 ya pili ni pale zinapofungwa mbili mbili kwenye ekseli moja. Herufi S ni mwendo, mwisho 180 kwa saa. Nikitoka kwenye H/T nilichukua A/T ya LT na sijapasua ubavu tena.

Fundi_Ubavu

Mkuu Kumbakumba umesema vizuri na nakubali ubavu ndo unaoua tairi nyingi za rafu rodi. Ila LT ina masharti yake na watu hawaambiwi. Ni nzito, kwa hiyo gari inakuwa nzito kuondoka na nzito kusimama, na mafuta yanapanda kidogo. Inataka upepo zaidi ya ule wa kwenye kibandiko ili ibebe uzito ule ule, ukiweka upepo wa tairi ya kawaida kwenye LT unaiumiza. Na gari ikiwa tupu inarusha, nyuma ya pikapu isiyo na mzigo inaruka ruka kwenye makorongo, na tairi inayoruka haishiki. Kama wewe unabeba mzigo au unavuta tela kila siku, LT chukua bila kufikiria mara mbili. Jamaa anabeba watoto.

Na kupasuka kwako nadhani upepo na mwendo vilichangia kuliko jina la tairi. Ukiingia mawe punguza mwendo, hilo ndo la kwanza. Halafu shusha upepo kidogo, kama ulikuwa psi 33 weka 26 hivi, tairi inajikunja kufuata jiwe badala ya kupigana nalo. Usishushe sana kwenye mawe makali maana ubavu unatoka nje unakuwa ndo wa kwanza kukutana na jiwe, hizi habari za psi 15 na 18 ni za mchanga laini. Na ukirudi lami JAZA, uwe na kipampu chako cha kuchomeka kwenye betri na geji ya kuaminika. Tairi yenye upepo mdogo kwenye lami kwa mwendo mkubwa inajikunja kila inapozunguka, inachemka, na joto ndo linaloachanisha waya na mpira. Kashata zilizonyofoka unazoziona zimetapakaa pembeni mwa barabara kuu, nyingi ni hiyo.

Dada_wa_Dizeli

Mimi nijibu hiyo ya 265/70R17 maana naona imepitwa na ndo itakayokusumbua kila siku.

Hesabu yake ni rahisi. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, 17 ni rimu kwa inchi. Ubavu wa 265/65 ni milimita 172 na kidogo, mara mbili ni 344.5, ongeza rimu ya 431.8 unapata kimo cha milimita 776. Ukiweka 70 ubavu unakuwa 185.5, kimo kinafika 803 kasoro kidogo. Imekua kwa asilimia 3.4. Mshale wa spidi ukisoma kitu, wewe unakwenda zaidi ya ambavyo ungekwenda na tairi za mwanzo kwa asilimia hiyo hiyo. Gia zote zinakuwa ndefu kidogo, utasikia gari imekuwa mvivu mlimani. Unachopata ni gari kuinuka milimita 13 tu, nusu ya tofauti ya kimo, kidole hakijai.

Halafu "inaingia" kasema nani. Inaingia ikiwa imenyooka. Kata usukani mpaka mwisho huku gurudumu moja limepanda tuta, utasikia inasugua plastiki za ndani ya madigadi. Na je spea nayo utabadilisha? Maana spea ya kimo tofauti na wenzake kwenye 4x4 ni matatizo mengine.

Hapo naingia kwenye swali la mbili tu. Kwa gari yako ya leva, ukiwa kwenye lami na leva iko kwenye miguu miwili, mbele na nyuma havijaunganishwa, kwa hiyo tofauti ndogo ya kimo haivunji kitu. Ukiweka 4x4 mbele na nyuma vinafungwa pamoja vizunguke sawa, na kama za mbele ni fupi kuliko za nyuma mnyororo au gia za ndani ya boksi la 4x4 zinavutana mpaka kitu kiteleze. Kwenye tope au changarawe tairi zinateleza zenyewe mvutano unaisha. Kwenye lami kavu hauna pa kwenda, na hii ndo sababu hata ukiwa na tairi sawa kabisa hutakiwi kukata kona kwenye lami kavu ukiwa umeweka 4x4. Wenye gari zinazovuta miguu yote muda wote wao hawana nafasi ya kucheza kabisa, ni zote nne sawa, chapa moja, aina moja na uchakavu unaokaribiana.

Ila kwako mi siogopi boksi, naogopa mshiko. Mbele H/T mpya nyuma M/T zilizokomaa, siku ya mvua kwenye kona mbele itashika nyuma itaachia, gari igeuke na watoto ndani. Nunua nne. Kama hela haijafika subiri mwezi, endesha taratibu, acha nafasi mara mbili kwa gari ya mbele. Na yeyote anayelazimika kununua mbili kwa kweli za aina ile ile, mpya ziende NYUMA hata kama gari inavuta kwa mbele, watu wengi wanafanya kinyume.

Mwendapole

Nafuatilia hapa. Mi nina swali la pembeni, tairi zangu zina maandishi M+S, muuzaji alisema ni za tope kwa hiyo sihitaji A/T. Ni kweli?

Fundi_Ubavu

@Mwendapole M+S ni tope na theluji kwa kizungu, lakini inasema tu muundo wa kashata una nafasi za kiwango fulani, mtengenezaji anaiandika mwenyewe bila kupimwa mshiko wowote. Utaikuta hata kwenye H/T nyingi. Kwa wanaoishi kwenye theluji alama ya kutafuta ni mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake, hiyo imepita kipimo. Kwa tope hakuna alama, ni kuangalia kashata kwa macho yako.

Na jina kubwa la ubavuni lisikudanganye pia. Bridgestone Dueler kuna H/T, kuna A/T na kuna M/T. Yokohama Geolandar hivyo hivyo. Mtu anasema "nimefunga Geolandar" bado hajaniambia kitu, soma herufi zinazofuata.

Dereva_wa_Zamu

Nimerudi wakuu. Nimeingia chini ya gari na tochi. Za mbele zinasoma 0914 zote mbili, za nyuma 3116 moja na 3216 nyingine, spea sijaifikia imejaa tope kavu. Za mbele nilipozikagua kwa karibu kuna nyufa ndogo ndogo chini ya kashata, kama ardhi iliyokauka. Kashata yenyewe bado ndefu kabisa!! Ningeziangalia kwa macho tu ningesema hizi bado zina miaka.

Fundi_Ubavu

Wiki ya 9 mwaka 2014. Mkuu hizo toa, zimeshapita miaka kumi na nyufa juu yake. Mpira unazeeka hata ukiwa umesimama, unakuwa mgumu, na mpira mgumu kwenye lami iliyolowa ndo ile ABS yako. Tairi ikifika miaka sita ianze kukaguliwa kwa makini, kumi ni mwisho hata ikiwa haijatembea, na watengenezaji wengi wa tairi wanasema hivyo hivyo. Nakuomba hiyo safari ya wikiendi usiende nazo. Na spea ioshe uisome, mara nyingi ndo kongwe kuliko zote.

Ya kashata ndefu ndo inayowaponza wengi. Kuna vinundu vya mpira ndani ya mifereji, kashata ikishuka ikawa sawa navyo imebaki milimita 1.6 na hapo tairi imekwisha. Kwenye mvua mi nasema hata ikifika 3 anza kutafuta nyingine. Lakini hivyo vinundu havijui umri, hilo ni la DOT peke yake.

Kumbakumba

Kwa hizo tarehe naungana na fundi mia kwa mia, toa zote nne. Ila bado nasema A/T, hiyo changarawe ni ya kila mwezi.

Dereva_wa_Zamu

Sasa fundi, tuseme nimechukua H/T, lile tope nitalifanyaje? Hilo ndo linalonishikilia.

Fundi_Ubavu

Inategemea tope lenyewe. Kuna tope jepesi juu na chini pagumu, hilo H/T yenye kashata nzima, umeweka 4x4 mapema kabla hujaingia, upepo umeshusha kidogo, mguu umetulia, unapita. Kuna udongo mweusi wa kunata. Huo hata A/T inajaa, mifereji inaziba tairi inakuwa kama pipa limepakwa grisi, Kumbakumba atakubaliana na mimi. Pale inapita M/T au unasubiri jua lipige. Beba koleo, kamba nzuri ya kuvutia na zile mbao za plastiki za kuweka chini ya tairi, vitakusaidia siku mbili za mwaka bila kukutoza kitu siku nyingine zote.

Ukiniuliza mimi kwa kilometa zako, ningeenda kwenye A/T ya taratibu, isiyo ya LT, 265/65R17 hiyo hiyo, namba ya mzigo isishuke chini ya 112. Kwa "ya taratibu" namaanisha kashata za katikati zimekaribiana na zimejaa vichanjo, za pembeni ndo zimeachana kidogo. Zipo pia A/T ambazo ukizitazama ni M/T iliyobadilishwa jina, hizo zikwepe maana utarudi pale pale kwenye zebra. Lakini kama ile njia ya mawe ungekuwa unapita mara mbili kwa mwaka, ningekwambia H/T tumalize.

Dada_wa_Dizeli

Nakubali. Na kabla hazijafungwa waambie wakusomee DOT ya kila moja mbele yako, tairi mpya haina maana ya tairi iliyotengenezwa juzi. Zikifungwa piga na alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, usikubali balansi peke yake, M/T za miaka yote hiyo zinaficha gari inayovuta upande na ukifunga mpya bila kurekebisha zitaliwa ukingo mmoja ndani ya miezi michache.

Dereva_wa_Zamu

Nimeagiza wakuu. A/T tano, saizi ya kibandiko, 112, nikichagua ile yenye vichanjo vingi katikati. Tano kwa sababu spea nayo nimeifikia, inasoma 4813. Safari ya wikiendi nimeahirisha, wife ameelewa baada ya kumwonyesha zile nyufa. Kuna kitu cha kuangalia siku za kwanza?

Fundi_Ubavu

Ndio. Tairi mpya inatoka na utando wa ile dawa ya kuitoa kwenye kalibu, inateleza kidogo, kwa hiyo kilometa mia kadhaa za mwanzo nenda pole hasa kwenye mvua. Ukishatembea 80 au 100 rudi ukaze nati kwa spana ya kupimia, usikaze kwa kuruka juu ya spana. Upepo pima asubuhi kabla gari haijatembea maana tairi ya moto inasoma juu, na fuata kibandiko, achana na ile namba kubwa ya ubavuni ambayo ni ukomo tu. Kila kilometa 8,000 mpaka 10,000 zibadilishane nafasi, na spea iingie kwenye mzunguko, si umenunua tano? Zote zitachakaa pamoja na utapata ya akiba isiyozeekea chini ya gari.